Koo la Pampu

Vitunguu vilikuwa vimelala chini kama watu waliopigwa. Tangu juzi havijaonja maji, na pampu aliyotuachia marehemu baba imekaa kando ya kisima inatapika moshi mweusi.

"Ni mkono wako," kaka akasema. Mtaa mzima unamwita Injinia, ingawa kitu pekee alichowahi kutengeneza kikapona ni mlango wa banda la kuku. "Unavuta kamba kwa hasira. Injini kuukuu ni kama mzee, inataka kubembelezwa."

"Msikilize kaka yako, mwanangu," mama akadakia kutoka jikoni.

Vitunguu ni vyangu. Nimevipalilia hata nikiwa na homa, na ndivyo vitakavyonipeleka kujifunza kushona. Vikinyauka, mwaka mwingine mzima nipo hapa nampikia Injinia.

Nikafungua plagi, ile inayotoa cheche ya kuwashia injini. Imelowa petroli, nyeusi tititi. Nikaifuta, nikairudisha, nikavuta kamba. Injini ikakohoa, ikafa. Choki ya kuzibia hewa sikuifunga, na kichujio cha hewa nilikiosha mwenyewe. Basi petroli inaingia kupita kiasi. Nikaifungua kabureta, petroli inapochanganyikia na hewa, nikatoa jeti, kile kipande cha shaba chenye kitundu cha kupitishia petroli, nikaiinua juani. Kitundu kilikuwa kimepanuka, kina mikwaruzo pembeni.

"Nani kachokonoa humu?"

"Mimi," Injinia akasema bila haya. "Kwa spoki ya baiskeli. Injini ikizeeka koo linasinyaa. Nimelipanua imeze vizuri."

Damu ikanipanda kichwani. "Koo! Koo la bibi yako?"

"Bibi yetu," akasema, akacheka.

Mimi sikucheka. Nilitafuta kipande cha waya wa taa, nikakichuna, nikachomoa uzi mmoja wa shaba. Nikaupitisha kwenye kile kitundu kukipunguza, nikakunja ncha zote mbili usichomoke. Ni kiraka tu, jeti mpya lazima itafutwe. Lakini vitunguu havijui kusubiri.

Nikafunga kila kitu, nikavuta kamba. Ikakohoa. Nikavuta tena, ikanguruma. Moshi ukakonda, bomba likakohoa hewa, kisha maji yakaruka mferejini.

"Si nilisema?" Injinia akapiga makofi. "Mama! Nimeitengeneza!"

"Mungu akubariki, baba!"

Nikahisi meno yangu yanasagana. Na yeye huyo, kashika bisibisi, anainama kwenye kabureta. "Ngoja niichangamshe kidogo."

Nikaingia katikati. "Ukiigusa, leo utakula bila vidole."

"We! Mimi ni mkubwa wako."

"Basi kaa huko na ukubwa wako."

Mama akaniita. Sikuitika. Akaniita tena, kwa ile sauti ya leo utanitambua. Nikabaki nimesimama palepale, joto la injini likinichoma miguu kwa nyuma, macho yangu kwenye macho ya kaka, hadi maji yalipofika tuta la mwisho.