Mama Mkwe Anajifunza Kuanguka

Mama mkwe alivunjika mkono akianika nguo, akahamia kwetu. Mkono ulipona, lakini sikumruhusu arudi kwake. Ana miaka sitini na minane, anaishi peke yake, na sakafu yake inateleza. Kila asubuhi alinikumbusha kwamba ana nyumba yake. Ufunguo aliuvaa shingoni. Mume wangu, ambaye ndiye angepaswa kuamua, kila mara alikuwa anatafuta soksi.

Jumamosi moja nilimpeleka binti yangu kwenye mazoezi ya judo, katika ukumbi ulio nyuma ya gereji. Bibi yake nikamchukua pia, maana nikimwacha nyumbani atapanda kigoda. Nilitegemea kukuta vijana wenye misuli. Mwalimu alikuwa mama fundi cherehani, futi yake ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Wanafunzi wake: muuza nyama mwenye kitambi, dada wa benki mwenye mguu wa bandia, watoto kadhaa, na bwana asiyeona wanayemwita Simu, kwa kuwa kazi yake ni kupokea simu za ofisi. Simu huanza pambano akiwa ameshamshika mpinzani koti la judo. Akishashika, hahitaji macho. Nilimwona akimbwaga muuza nyama kama gunia la mkaa.

Mwalimu alisema kila mtu huanza kwa kujifunza kuanguka: kidevu kifuani, mkono upige mkeka, pumzi itoke. Mama mkwe akavua viatu.

Nilimwambia akae. Akaniuliza, mbele za watu, yeye amepungukiwa nini. Simu akadakia kabla sijajibu.

"Njoo kwangu, Mama. Ukianguka vibaya mimi sitaona."

Wakacheka wote, binti yangu akiwa wa kwanza.

Tulipotoka nje nikampa sharti: siku atakayoanguka bila kuumia, nitambebea mizigo mwenyewe hadi kwake. Nilijua nimemweza. Mwalimu alimwanzisha chini kabisa, akiwa amekaa, kisha akiwa amechuchumaa; ilichukua miezi kabla ya kumruhusu aanguke akiwa amesimama. Nyumbani alifanyia mazoezi kwenye godoro. Pap! Pap! Jirani alikuja kuuliza kwa upole kama mimi na mume wangu tuna matatizo.

Halafu mimi, mwenye kelele zote za usalama, nikapiga deki jikoni kwa sabuni nyingi na kumwita mama mkwe aje achukue chai yake kabla sakafu haijakauka.

Mguu ukateleza. Nilimwona akienda chali na sikuweza hata kunyoosha mkono. Pap! Alilala pale akiangalia dari kama anayekagua utando wa buibui.

"Kidevu kilikuwa wapi?" akaniuliza.

"Kifuani, Mama."

"Basi kafunge mizigo."

Alikuwa na kiganja chekundu tu. Kikombe ndicho kilichovunjika, tena kilikuwa mkononi mwangu.

Nilibeba mabegi mawili na beseni. Kwake nilikagua sakafu, bafu na ngazi, nikitafuta sababu ya kumrudisha. Sakafu ilikuwa bado inateleza, lakini hiyo haikuwa sababu tena; nyingine sikuipata. Alinitazama muda wote bila kunisaidia, kisha akaniambia kwamba kwa jinsi ninavyotembea na wasiwasi wangu, wa kuanguka vibaya ni mimi.

Jumamosi iliyofuata mama fundi alivua futi shingoni, akanipima koti la judo.