Tarishi Hasikii Chini ya Maji

"Akiwa chini ya maji hasikii kitu!" Corinne alipiga meza. "Toleo la tisa. Anaitwa, hasikii!"

"Wee mtoto, Tarishi anasikia mtu akiomba msaada kutoka mwezini," Lyle Pavlik akamjibu. "Leo maji ndiyo yamshinde? Nani kakudanganya?"

Ilikuwa Jumatano, siku ya vitabu vipya, na duka langu la katuni hapa Toledo lilikuwa limejaa. Jumamosi timu yetu ingekwenda Cleveland kwenye mashindano ya maswali kuhusu Tarishi, shujaa wa katuni. Ilibaki nafasi moja. Binti yangu Corinne alikuwa ameisomea tangu theluji ya kwanza, na Lyle, nahodha wetu kwa miaka ishirini sasa, alikuwa tayari ameshika kalamu ya kumkata jina.

"Tena hilo toleo la tisa ninalo nyumbani. Usinifundishe."

"Unalo, au umelisoma?" nikamuuliza.

"Marge, usiingilie. Wewe mama yake."

"Nimekuuliza, umelisoma?"

Akanywa kahawa. Watu wakaanza kucheka. Kila mtu alivijua vitabu vya Lyle: vimezibwa ndani ya makasha magumu ya plastiki, vikapewa alama za ubora na wakaguzi. Ukivunja kasha, alama imekufa, na bei nayo. Kwa hiyo havunji.

"Hajawahi kulifungua!" Corinne akasema. "Mzee mzima unabishania jalada!"

"Funga mdomo. Ushahidi huna. Nakukata."

Nakala ya duka ya toleo hilo ilining'inia ukutani nyuma yangu, nayo imezibwa, alama tisa nukta nne kati ya kumi. Sikuwa na kitu bora kuliko hicho humu ndani. Lyle aliona ninakotazama.

"Huna wazimu huo," akasema.

Nilikishusha, nikachomeka bisibisi kwenye pembe na kuipiga kwa kiganja. Plastiki ilipasuka. Lyle alipiga yowe kana kwamba nimemchinjia paka.

"Ukurasa gani?"

"Kumi na saba, Mama."

Tarishi yuko chini ya daraja, mto umemfunika. Juu yake mwanamke anaita mara tatu. Tarishi hageuki. Maandishi yanasema: *Ndani ya maji, dunia yote ilikuwa kimya.*

Nikamwekea Lyle ukurasa mbele ya pua. Akausoma mara mbili.

"Mwandishi alikuwa amelewa. Hii haihesabiki."

Nikamnyang'anya kalamu, nikavuta karatasi ya timu, nikaandika jina la Corinne kwenye nafasi iliyobaki.