Sauti ya Pili ya Vesta Slone

Kendra aliposema, "Mama, twende kwa Bi Vesta, albamu haitoki mpaka aimbe nami wimbo mmoja," nilijua ningeumbuka. Nikachukua funguo za gari. Ningesema nini?

Binti yangu ni mwimbaji wa muziki wa kantri. Albamu yenyewe ilikuwa ya kumuenzi Vesta Slone, aliyemfundisha gitaa na kuimba jikoni kwake, huku kwetu milimani Kentucky, tangu Kendra ana miaka tisa. Nyimbo kumi na moja, zote za Vesta. Kumi zilikuwa tayari.

Walikuwa hawajaonana kwa miaka kumi na tisa. Sababu ni mimi.

Wimbo wa kwanza wa Kendra uliovuma waliurekodi pamoja kule Nashville, mji wenye studio za kantri, Kendra akiongoza, Vesta akiitikia kwa sauti ya pili. Vesta alipokwisha kurudi nyumbani, prodyuza alinivuta pembeni. "Huyu bibi anaimba kama yuko mazikoni. Redio hazitaupiga." Mimi ndiye niliyesimamia kazi za mwanangu wakati huo. Nikasema ifuteni sauti yake. Hata dakika tano sikufikiri. Kisha nikampigia Vesta simu, nikamwambia mashine imeharibu wimbo, imebidi urekodiwe upya bila yeye. Kendra nikamwambia Vesta mwenyewe ameomba aondolewe, hataki mambo ya redio. Kendra alikuwa na miaka kumi na saba. Alilia, akanuna, akaniamini.

Tulimkuta Vesta anapakua maharage, mkate wa mahindi ungali moto ndani ya kikaango.

"Aa, nyota imekumbuka njia!" alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Nilidhani siku hizi mpaka mtu akate tiketi ndiyo akuone. Na wewe Rhonda, umenenepa. Kaeni."

Nilidhani ana mafua.

Tulikula. Kendra hakuweza kuvumilia mpaka sahani zitoke mezani.

"Bi Vesta, nilikukasirikia sana. Kwa nini uliwaambia wafute sauti yako?"

"Niliwaambia nani?"

"Watu wa studio."

Vesta aliweka kijiko chini, akanitazama mimi. Nikajifanya navunja mkate.

"Mimi niliambiwa mashine iliharibika, mkarekodi upya bila mimi," alisema. "Nilipousikia redioni nikajua ni uongo. Kila mwisho wa mstari unanyamaza kidogo, mwanangu. Unaniachia nafasi niitikie, kama nilivyokufundisha. Kama sikuwepo, ulikuwa unamsubiri nani?"

Ule ukimya watu wameusifu miaka yote. Wanasema Kendra anaimba kwa uchungu, anajua kunyamaza. Mimi nikisikia sifa hizo nilikuwa nasema asante.

"Nikadhani ni wewe uliyeniondoa," Vesta alimwambia Kendra. "Nikasema, haya, mtoto amekua, anaona aibu na sauti zetu za milimani. Sikutaka kukusumbua tena."

Kendra alifunika mdomo kwa mkono. Mkate ulikuwa umeniishia vidoleni.

"Ni mimi," nikasema. "Niliwadanganya nyote wawili. Yule prodyuza alisema redio..."

"Prodyuza hakunipigia simu, Rhonda. Ulinipigia wewe. Ukaniuliza na hali ya miguu yangu."

Ni kweli, niliuliza.

"Basi tuimbe leo," Kendra alisema, akifuta macho. "Vyombo vya kurekodia viko garini. Tuimbe hapa hapa jikoni."

Vesta akatikisa kichwa. "Hunisikii ninavyoongea? Walinipasua koo mwaka juzi. Kuongea naongea, kuimba basi."

Nilitaka kuinuka nioshe vyombo, maana ndivyo nifanyavyo jambo likinishinda, lakini Kendra alikuwa amekwisha kunisogezea kalamu na karatasi.

"Andika, Mama. Itachapishwa kwenye kijitabu cha albamu, ukurasa wa kwanza. Tulirekodi naye mara moja tu, ikafutwa; andika kwa nini albamu ya Vesta Slone haina sauti ya Vesta Slone."

"Kendra, watu watasoma."

"Ndiyo maana inachapishwa."

Nikaandika kwamba kutokana na hali ya wakati ule, uamuzi mgumu ulifanyika. Kendra akasoma kwa sauti. Vesta akacheka mpaka akakohoa.

"Hiyo hali ina simu nyumbani kwake?"

Kendra akapiga mstari juu ya maneno yangu yote, akanirudishia karatasi. Mara ya pili nilimtaja prodyuza, naye akafutwa. Mara ya tatu niliandika hivi: Sauti ya Vesta Slone niliifuta mimi, Rhonda Whitt, mama yake Kendra. Nilimdanganya yeye, nikamdanganya na mwanangu.

"Soma," Kendra alisema.

Nilisoma, macho kwenye karatasi.

"Sijasikia vizuri," alisema Vesta.

Alikuwa amesikia. Nikasoma tena.