Machungwa ya Jaladani

"Nioneshe mahali walipoandika kwamba unafanya kazi," nilimwambia. "Sentensi moja tu. Nikiiona nanyamaza."

"Mama, hujasoma yote."

"Nimesoma yote, nikarudia. Umbo lako lipo, mstari wa kwanza. Macho yako yapo. Gauni lipo, na aliyelishona katajwa jina na mtaa. Kazi iko wapi?"

Brightness alinipokonya simu akaanza kupekua kurasa kwa kidole. Tulikuwa sebuleni kwetu, Usagara, Tanga mjini, Ijumaa mchana, na ubishi huu ulikuwa umeanza kabla wali haujapakuliwa. Jarida moja la wanawake la Dar lilikuwa limemtumia kurasa zake kwenye simu, azione kabla hazijaenda kuchapwa jioni ile. Jalada na kurasa nne za ndani, zote za mwanangu wa kwanza.

"Hii hapa," alisema. "'Binti huyu anayejishughulisha na matunda.'"

"Hata tumbili anajishughulisha na matunda."

Baba yake, Laurenti, alikuwa bado mezani, anamenya chungwa. Hakuinua kichwa, lakini niliona mabega yakimtikisika.

Nieleze kazi yenyewe, maana jarida halikueleza. Brightness ananunua machungwa kwa wakulima wa Muheza, anayapakia kwenye fuso na kuyavusha mpaka wa Horohoro kwenda kwa wanunuzi wa Mombasa. Anafanya na mwenzake Buthaina, ambaye babu yake aliacha shamba kubwa la michungwa kule. Walianza kurekodi video kwa sababu ya tatizo moja: chungwa la Muheza huiva likiwa kijani. Ili ligeuke njano linahitaji usiku wa baridi, na sisi wa huku bondeni usiku wa baridi hatuna. Hilo nilimfundisha mimi. Nina stashahada ya kilimo na nimefanya kazi ya ugani Muheza tangu Brightness ananyonya. Mtu wa hapa hana shida na rangi. Mnunuzi wa mbali akiliona anasema bichi, na mkulima anarudi nyumbani na matenga yake.

Kwa hiyo Brightness alisimama chini ya mchungwa, kanga kiunoni, akalikata chungwa la kijani mbele ya simu, maji yakamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. "Usiniulize rangi," akasema, "niulize uzito." Watu waliipenda ile. Sasa wanaomfuata ni zaidi ya laki mbili, na watoto wa jirani wakicheza duka wanamwiga sauti. Wanunuzi wa Mombasa walimpata huko huko mtandaoni.

Kwenye jalada alikuwa amelala ubavu juu ya lundo la machungwa ya njano. Gauni jekundu lenye mpasuo, viatu virefu, mdomo nusu wazi kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Machungwa yalinunuliwa supamaketi Dar, yametoka nje ya nchi, kila moja na kijikaratasi chake kimebandikwa. Kuna mtu alikaa akavibandua vyote kabla ya picha kupigwa, isipokuwa kwenye yale ya pembeni. Hayo walimpa Brightness arudi nayo nyumbani, na ndiyo aliyokuwa akiyala baba yake.

"Halina maji," alisema Laurenti. "Kama natafuna godoro."

Juu ya kichwa cha Brightness waliandika kwa herufi kubwa: MREMBO WA MACHUNGWA. NANI YUKO NYUMA YAKE?

"Nyuma yake kuna pazia," Laurenti alisema. "Mbona linaonekana."

"Baba Brai, usilete mzaha. Ndani wamesema vyanzo vya karibu vinamtaja kigogo mmoja wa bandarini." Nilimgeukia binti. "Hicho chanzo cha karibu ni nani? Walio karibu nawe ni mimi, baba yako na Buthaina."

"Mama, wanamwandika kila mtu hivyo hivyo. Ndio mtindo wao. Watu wanaangalia picha, hawasomi. Lakini likitoka, wenye hoteli wataliona, wenye supamaketi wataliona. Mimi nataka kuuza Dar, sitaki kutegemea Mombasa peke yake. Unadhani bahati ya jalada inakuja mara mbili?"

Hoja yake haikuwa ya kijinga. Nilikuwa najua pia kwamba ile picha aliipenda. Alikuwa ameikuza mpaka kwenye kope.

"Wenye hoteli wataona msichana amelala," nilisema. "Watampigia simu kwa hoja ya kulala."

"Mama."

"Si mimi niliyekulaza."

Hapo aliweka simu mezani. "Na wewe usijitoe. Mwaka jana, saluni kwa Imakulata, ulisoma habari ya yule dada wa Arusha anayeuza magari mtandaoni. Nilikuwa nasukwa kiti cha pili. Ulisema nini?"

"Nilisema ana mtu."

"Ulikuwa unamjua?"

"Simjui mpaka leo. Waliweka alama ya kuuliza, nikaijibu mwenyewe, tena kwa sauti, saluni nzima ikacheka. Ndiyo maana nakwambia. Najua itakavyosomwa ya kwako, kwa sababu msomaji wao ni mimi."

Laurenti alichukua chungwa jingine.

Hodi ilipigwa, akaingia Buthaina, buibui limejaa vumbi la bodaboda. "Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba. Kaa ule."

"Nimeshakula, mama."

"Umeona walivyokuandika?" Brightness alimuuliza kwa sauti ndogo.

"Nimeona. 'Rafiki anayemshikia mkoba.'" Buthaina alikaa akavuta pumzi. "Marehemu babu angefurahi. Kapanda michungwa mpaka mgongo ukapinda, mjukuu katoka mpagazi."

"Niliwaambia wewe ni mwenzangu. Wallahi niliwaambia."

"Wewe Mlutheri unaapa wallahi, basi mambo yamekuharibikia kweli." Alitoa simu. "Lakini sikujia mkoba. Wameshairusha picha ya jalada mtandaoni tangu asubuhi. Msikilize Nasri."

Nasri ndiye mnunuzi wao mkubwa sokoni Mombasa. Alikuwa ametuma sauti, na nyuma yake zilisikika kelele za soko.

"Dadangu Brightness, salaam. Picha nimeiona, mashallah, umependeza. Sasa hebu nambie, hayo machungwa ni ya wapi? Maana mimi hapa nimewaambia watu chungwa la kijani ndilo lililoiva, na wewe ndiye ulonifunza. Leo vijana wananionesha simu, wanicheka. Wasema kumbe hata mwenyewe akitaka kupendeza huchukua ya njano. Wateja wangu wawili washaghairi. Huo mzigo wa kesho usiuvushe kwanza. Nisije nikakaa nao hapa nikiutazama."

Buthaina aliizima. "Fuso liko Muheza, limeshaanza kupakiwa. Kina mama Mwatumu wamechuma tangu asubuhi. Dereva Yona ananiuliza aondoke saa ngapi, nami sijui nimwambie nini."

Mwatumu namfahamu. Ni mjane wa Kibondei ambaye nilimfundisha kupogoa miti yake miaka mingi iliyopita, na kila msimu ada za wajukuu wake zinatoka kwenye ile michungwa. Chungwa likishachumwa halirudi mtini, na joto la Muheza halimsubiri mtu afikirie.

Brightness hakuomba ushauri. Alimpigia mhariri wa jarida, kijana anayeitwa Wilfred, akaweka sauti ya nje.

"Kaka Wilfred, naomba tubadilishe picha ya jalada. Nina za shambani, nzuri. Buthaina kazipiga."

"Mdogo wangu, zile nimeziona. Nzuri kwa kwenye simu. Jalada linataka rangi. Nikiweka machungwa mabichi pale kwenye meza ya muuza magazeti, mtu atadhani ndimu."

"Si mabichi. Yameiva."

"Najua. Ulinieleza, nikala, matamu kweli. Sasa msomaji nitamkatia kipande mmoja mmoja?"

"Na kigogo wa bandarini?" niliingilia.

"Nani huyo?"

"Mama yake."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Huyo kigogo ana jina?"

"Mama, hatujamtaja mtu. Tumeuliza tu."

"Usiulize. Ondoa."

Alifikiri kidogo. "Kigogo naweza kumwondoa. Lakini ile alama ya kuuliza juu ibaki, mama. Hiyo ndiyo inayouza."

"Basi andika kwamba Buthaina ni mwenzangu katika biashara," Brightness alisema. "Andika tunanunua kwa wakulima wanawake, na tunavusha wenyewe. Mistari miwili."

"Kurasa zimejaa, dada."

"Zimejaa nini?"

"Kuna tangazo la mshona gauni." Sauti yake ilibadilika, ikawa ya mtu mwenye haraka. "Sikiliza, sikulazimishi. Ukitaka kujitoa sema sasa, kiwanda kinanisubiri. Nina binti wa Moshi, wa kucha, picha zake ziko tayari. Ila ukijitoa umejitoa. Mwakani usinitafute."

Brightness alinitazama. Nilikuwa na maneno ya kutosha kujaza zile kurasa nne na tangazo la gauni juu yake. Niliyameza. Yangu nilishayasema tangu kabla ya wali, na jina lililokuwa pale juu si langu. Laurenti naye aliacha kutafuna.

Brightness aliichukua simu ya Buthaina akaitazama ile picha tena, bila kuikuza safari hii. Alikuwa amependeza, sitakataa. Kama ningekuwa na miaka yake ningeibandika ukutani.

"Mpe binti wa Moshi," alisema.

"Una hakika?"

"Nina hakika. Na ile mliyorusha asubuhi iondoe sasa hivi. Sikati simu mpaka itoke."

Tulisubiri. Tulimsikia Wilfred akimwita mtu, akimwambia, akirudia kumwambia. Buthaina alikuwa anafungua na kufunga ukurasa wao kwa kidole gumba. Mwishowe aliinua uso. "Imetoka."

"Ahsante, kaka Wilfred," Brightness alisema. "Huyo wa Moshi, muulize kwanza kucha anazipakaje." Akakata.

Nilidhani atalia. Alisimama akaanza kusukuma sahani upande mmoja wa meza.

"Imetoka kwao, lakini wateja wa Nasri wameshaiona," alisema. "Buthaina, tunaingia laivu. Sasa hivi."

"Hivyo ulivyo? Nywele umefumua nusu."

"Hivi hivi. Na wewe leo hushiki simu. Unakaa mbele, hapa, karibu yangu."

"Mimi?"

"Mshika mkoba kaa."

Buthaina alicheka akajifunga mtandio vizuri. "Sasa nani atashika simu?"

Wote wawili walinigeukia. Mimi kwenye video zao sijawahi kuonekana wala kusikika. Nikipita nyuma wanarekodi upya.

"Shika kwa mikono miwili, mama," Brightness alisema. "Na usiseme kitu."

"Nitajaribu."

Alileta glasi mbili, kisu, na machungwa mawili ya kijani kutoka kwenye kapu la jikoni. Akamnyooshea baba yake mkono. "Baba, nipe hilo la njano."

"Nimeshamenya nusu."

"Hivyo hivyo. Kijikaratasi kipo?"

"Kipo upande wa huku."

"Basi usiendelee."

Laurenti alilitoa bila ubishi. Lilikuwa la mwisho, na nadhani hata yeye alikuwa amechoka nalo. Buthaina alinionesha pa kubonyeza. Nilibonyeza. Watu walianza kuingia, majina yakipanda kwenye kioo haraka kuliko ninavyoweza kusoma. Nikabana viwiko mbavuni ili simu isicheze.

"Habari za mchana," Brightness alisema. "Leo sina gauni. Asubuhi mmeniona nimelala juu ya machungwa ya njano. Yale si ya kwangu, na si ya Muheza. Yamenunuliwa dukani, na kijikaratasi hiki hapa, someni wenyewe yametoka wapi. Niliambiwa nilale, nikalala, nikidhani ni picha tu. Haikuwa picha tu, kwa sababu kuna watu wanauza kwa neno langu, na leo wamechekwa. Huyu kushoto kwangu ni Buthaina. Tangu mwanzo tunafanya biashara hii wawili. Video zote mlizozipenda kazishika yeye."

"Hamjambo," Buthaina alisema, akatazama meza.

Brightness alilipima chungwa la kijani kiganjani, kisha la njano, akalikata la njano na kulikamua kwenye glasi moja mpaka vidole vikageuka vyeupe. Maji hayakufika hata kidole kimoja. Akalikata la kijani. La kijani halikuhitaji nguvu. Lilimwaga lenyewe, likajaza glasi, likafurika kwenye kitambaa changu cha meza ambacho nilikifua jana.

"Nasri kaingia," Buthaina alinong'ona.

Brightness hakugeuka. Alichukua simu yake ya pili akampigia dereva mbele ya wote. "Yona, maliza kupakia. Yakiwa kijani hivyo hivyo. Nakuja Muheza sasa hivi, na kesho nitayavusha mwenyewe. Atakayesema mabichi nitamkatia pale pale sokoni."

Alishika kisu alikate la pili. Kwenye kioo nilikuwa naona uso wake, mkono wake na kona ya bega la Buthaina. Glasi ilikuwa imebaki chini, nje ya picha.

"Inua hiyo glasi," nilimwambia. "Huku haionekani."

Akaiinua.