Suruali ya Mtu Aliyekaa

Baba alikataa kutoka nje kwa sababu ya suruali. Ukimsimulia mtu atacheka, na mwanzoni hata mimi nilicheka. Tangu kiharusi kimpige upande wa kushoto alikuwa mtu wa kiti cha magurudumu, na kila suruali aliyovaa ilimshuka nyuma, shati likachomoka, mgongo ukabaki wazi. Fundi aliyewavisha watu wazima na heshima zao, sasa tunamfunika taulo kiunoni kama mtoto aliyetoka kuoga.

Ndipo tukaletewa habari kwamba baba mkubwa yu hoi hospitalini. Ndugu hao wawili walishona pamoja miaka thelathini, chumba kimoja, cherehani zimetazamana. Daktari alisema tusikawie.

"Twende leo, baba."

"Na suruali ipi? Kaka yangu anione nimevuliwa nusu? Siendi."

Nikapandwa na hasira. Nilimwambia mwenzake anakata roho, yeye anawaza kiuno cha suruali. Aligeuzia uso dirishani, na kabla sijafika mlangoni nilikuwa nimeshajuta.

Siku ileile nilikata suruali mpya. Sikumpima. Nilichukua paterni yake ya karatasi, aliyojikatia mwenyewe enzi za nguvu zake, nikapunguza kiuno inchi mbili kwa kukisia, nikashona mbio. Tulimvalisha akiwa amelala, ikaonekana kumkaa vizuri. Tulipomkalisha, nyuma ikashuka vilevile, na mbele kitambaa kikajikunja tumboni kikawa furushi. Haraka haraka haina baraka. Mimi ndiye ninayewaambia wateja maneno hayo kila siku. Nililia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

"Umemshonea mtu aliyesimama," baba alisema. Maneno yalikuwa yakimtoka moja moja. "Huyo hayupo tena, mama. Nipime mimi."

Nikapiga magoti mbele ya kiti. Kiuno kilikuwa kimepungua inchi tano, si mbili, na nilipoisoma tepu sikutaka kuitamka namba. Nikapima toka kitovuni, kupita katikati ya miguu, hadi mgongoni. Mtu akikaa, nyuma yake hurefuka na mbele hufupika, na magoti yakikunjwa miguu ya suruali hupanda. Nilijua hayo kwa mdomo tu. Nikafumua. Nikaunga kipande cha inchi tatu nyuma, juu ya makalio, nikapunguza kiuno na mbele, nikateremsha pindo. Mifuko ya nyuma nikaing'oa, kwa maana nani akalie mishono kutwa nzima? Nikaihamishia mapajani. Shati nalo nikalirefusha nyuma.

Kesho yake asubuhi alivaa, akapitisha mkono wake mzima nyuma ya kiuno, akakuta kitambaa badala ya ngozi. "Haya," alisema, "twende kwa kaka."

Baba mkubwa alikuwa mifupa na macho. Hakusalimia. Alinyoosha mkono, akaingiza vidole viwili kwenye kiuno cha suruali ya baba, akapapasa mshono wa nyuma.

"Nani kakata?"

"Binti yako."

"Kakupima umekaa."

"Baada ya kuharibu kwanza," baba akasema, na wote wawili wakacheka mpaka baba mkubwa akakohoa. Nilichomwa, lakini nilistahili.

Kikohozi kilipotulia alinigeukia. "Na mimi nipime hivihivi nilivyolala, mwanangu. Kila wakinivalisha shati wananikunja huu mkono, naumia. Nishonee linalofunguka mgongoni."

Nikatoa tepu. Muuguzi alimwinua kidogo, nikaipitisha chini ya mgongo, nami nikahisi mbavu zake zote. Nilikuwa nikitaja namba, baba anaandika. Nilipotaja kifua, kalamu ilisimama.

"Pima tena."

Nikapima tena. Namba ilikuwa ileile. Baba aliiandika.

"Acha inchi mbili ndani ya mishono," akaniambia. "Akipata nafuu atanenepa, utamwachia."

Hivyo ndivyo tunavyowashonea watoto wanaokua, tunaficha kitambaa cha ziada ndani ili nguo ipanuliwe mwakani. Kwa mgonjwa yule ilikuwa kupoteza kitambaa, na hapakuwa na fundi kati yetu watatu asiyejua. Nilimtazama baba mkubwa. Miaka yote ile hakuwahi kupokea kipimo cha mdogo wake bila ubishi, nikamwogopea baba. Kaka mtu alimwangalia tu nduguye pale kitini.

"Mbili hazitoshi," alisema. "Acha tatu."

Baba akaandika tatu.