Maneno ya Chini ya Ukurasa

Melissa Nyanchama alinidharau kabla hajapata kiti cha kukalia, na mimi sikuchelewa kumchukia. Aliingia ofisi ya mitambo Jumapili asubuhi, kompyuta yake nyembamba kwapani, akaitazama mashine yangu pale kwenye kona, akacheka.

"Hii ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe."

"Mzee, mahali pa hii ni makumbusho."

"Na mahali pako ni wapi?"

"Ni hapo iliposimama. Ndiyo maana nimekuja."

Tunafanya kazi kwenye ghala la baridi huku Industrial Area, Qatar. Kuku na samaki wanaoliwa Doha wanalala kwetu, vyumba kumi na viwili, nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri, huku nje joto la Agosti linakausha mate mdomoni. Baridi hiyo inatengenezwa kwa amonia. Amonia ikitoka kwenye bomba inaua. Sisemi ili kutisha watu. Nimewahi kumbeba mtu.

Maelekezo ya mitambo yote yako ndani ya kompyuta moja ya Unix iliyoletwa ghala lilipojengwa, mwaka 1996. Mpolandi mmoja aliyefunga mitambo ndiye aliyeandika kurasa zake, ukurasa mmoja kwa kila kazi, akitumia programu ya kutengenezea kurasa za wavuti iliyokuwa humohumo. Haziko kwenye intaneti. Unazisoma kwa Mosaic, kivinjari cha zamani chenye dunia ndogo inayozunguka juu kwenye pembe kikiwa kazini. Mimi niliikuta mwaka 2003, nikiwa mfagiaji. Shule niliacha darasa la saba. Mpolandi alinifundisha: bonyeza hapa, soma, nenda kafanye. Alipoondoka, aliondoka na neno la siri la ile programu ya kuandikia. Kurasa zikabaki vilevile, lakini mitambo haikubaki vilevile. Mabomba yalikatwa, valvu zikaongezwa. Ukurasa ukasema hivi, chuma kikasema vile.

Nikatafuta njia. Ndani ya Mosaic kuna mahali ukibonyeza linafunguka dirisha dogo. Unaandika maneno yako, na chini ya ukurasa uliokuwa unausoma panatokea mstari wa buluu. Ukiubonyeza, maneno yako hayo hapo. Nimeandika hivyo miaka ishirini. Niliandika kwa Kiswahili, maana Kiingereza changu ni cha kuelewana tu, na msomaji nilikuwa mimi mwenyewe. Fundi akiwa na kazi isiyo ya kila siku anakuja: "Reuben, chumba cha nne, nianzie wapi?" Nafungua, nasoma ya Mpolandi, nasoma yangu, namwambia. Hiyo ndiyo kazi yangu. Sina nyingine.

Mudiri, ndivyo tunavyomwita meneja hapa, aliniambia mbele ya Melissa bila kupaka asali.

"Huyu atahamisha kurasa zote kwenye tableti. Alhamisi tunajaribu. Fundi akimaliza kazi kwa tableti bila kukuuliza wewe, mashine inaenda kwa wauza vyuma na wewe unaenda Kenya. Akishindwa, mashine inabaki na wewe unabaki."

Nina miaka hamsini na minne. Kibali changu cha kukaa ni cha kampuni. Mtu wa umri wangu asiye na cheti akishatoka Qatar harudi tena, na huko nyumbani hakuna ghala linalongoja mtu wa kusoma Mosaic.

Jumatatu nilimkuta amekaa kwenye kiti changu.

"Neno lako la kuingilia?"

"La nini?"

"La mashine, Mzee. Si la moyo wako."

"Tafuta lako."

"Nakuuliza kwa sababu ya kazi."

"Na mimi nakunyima kwa sababu ya kazi."

Alinitazama kama mtu anayetazama sahani chafu. "Basi baki nalo. Kurasa ziko kwenye folda ya wote. Sikuhitaji." Akachomeka nyaya zake. Baada ya muda akaanza kuguna. "Yaani hizi kurasa zimenizidi umri."

"Zimekuzidi na adabu."

"Nani alikufundisha kompyuta wewe?"

"Nani alikufundisha amonia?"

"Amonia nitaisoma."

"Isome kwa pua."

Jumanne saa saba mchana alikuwa amemaliza. Akaiacha tableti mezani, akaenda kununua chai ya karak nje ya geti. Nikaichukua. Kazi yake ilikuwa safi, siwezi kudanganya: herufi kubwa, picha za mabomba unazivuta kwa vidole. Nikafungua ukurasa wa chumba cha sita, kuyeyusha barafu. Nikashuka hadi chini kabisa. Mstari wangu haupo. Nikafungua chumba cha nne. Haupo. Pampu ya pili, haupo.

Ameufuta, nikajiambia. Amesoma maneno ya mtu wa darasa la saba, akaona uchafu, akapangusa.

Nikairudisha tableti mahali pake. Melissa alirudi na chai yake moja, akakaa, akaniuliza kama nina shida. Nikamwambia sina.

Nilinyamaza kwa sababu nilitaka ashindwe. Mudiri nilimjua, ni mwoga. Nilijua angechagua kazi ndogo kama kubadilisha oili ya kompresa, kazi ambayo bila maneno yangu fundi anakwama katikati, anakuna kichwa, haumii. Jumatano nzima nilikaa na hesabu hiyo.

Alhamisi saa tatu asubuhi mudiri alisimama kwenye korido ya vyumba, amevaa koti la baridi lililompwaya. Melissa alimkabidhi Joram tableti. Joram ni Mganda, fundi wa kompresa, mtu wa miaka arobaini. Tumelala chumba kimoja miaka sita na tunapika kwenye sufuria moja. Mudiri akatelezesha kidole kwenye orodha akiangalia kando, ili tuone hachagui.

"Hii," alisema.

Chumba cha sita. Kuyeyusha barafu.

Kazi yenyewe ni hivi. Barafu ikijaa kwenye mabomba ya chumba, baridi haipiti. Kwa hiyo unafunga amonia ya maji, yaani ile ya kimiminika, isiingie, unangoja iliyomo iishe, halafu unafungulia gesi ya moto ipite ndani ya mabomba iyeyushe barafu. Mpolandi aliandika: funga valvu ya buluu, ngoja dakika ishirini, fungua nyekundu. Alikuwa sahihi siku aliyoandika. Lakini mwaka 2011 waliongeza bomba la pili la amonia ya maji, na valvu yake wakaiweka nyuma ya feni. Haina rangi, huioni mpaka uiname. Usipoifunga hiyo, amonia ya maji inaendelea kuingia. Gesi ya moto ikiikuta inaisukuma kama nyundo, na bomba linapasuka. Anayesimama kwenye valvu nyekundu, uso wake uko nusu mita kutoka bomba hilo.

Joram alifunga ya buluu. Akatoka, akasimama nasi mlangoni kungoja.

"Reuben, leo uko likizo, ssebo," aliniambia akicheka; ssebo kwao ni bwana. "Hata kuulizwa huulizwi."

"Naona."

"Tableti haikasiriki kama wewe. Ukiiuliza mara mbili haikutukani."

Melissa akacheka pia. Mudiri akatazama saa. Mimi nikatazama mlango. Dakika tano. Labda mudiri atasikia baridi aseme yatosha. Dakika kumi. Labda Joram atakumbuka, aliwahi kunisaidia chumba hicho mara moja, zamani. Dakika kumi na tano. Hakukumbuka. Alikuwa anamsimulia Melissa jinsi walivyopangiwa basi jipya la kampuni lenye AC isiyofanya kazi.

Dakika ishirini. Akaingia. Nilimwona akivuta glavu, akishika mkono wa valvu nyekundu.

"Joram! Toka hapo!"

"Nyamaza wewe," mudiri alisema.

"Nilijua!" Melissa alisimama mbele yangu. "Nilijua tu atavuruga. Mzee huyu hataki kazi ifanyike, tangu Jumapili hataki!"

Nikamsukuma bega, nikapita. Nikamshika Joram kifundo cha mkono. Hakuwa amezungusha bado. Nikamvuta, nikainama nyuma ya feni, nikaweka kiganja kwenye bomba la pili. Lilikuwa limeganda utando mweupe mpya wa barafu, ishara kwamba amonia bado inapita. Nikafunga valvu. Ilihitaji mizunguko minane.

Joram aliinama akaona. Alikaa chini pale pale kwenye sakafu ya barafu.

"Hiyo haimo kwenye ukurasa," Melissa alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ilikuwemo. Ukaifuta."

"Sikufuta kitu!"

"Ulifuta yote. Ulipangusa miaka ishirini ukaenda kunywa chai."

"Nionyeshe."

Tulirudi ofisini wote, makoti hayajavuliwa. Nikaingiza neno langu, nikafungua Mosaic, chumba cha sita, nikashuka chini, nikabonyeza mstari wa buluu. Melissa aliinama akasoma kwa sauti:

"Mpolandi hajui haya. Kuna valvu ya tatu nyuma ya feni, haina rangi. Ifunge kwanza. Usipoifunga bomba litakupasukia usoni na hutapata wa kumlaumu, utakuwa umekufa."

Akanisogeza kando, akaandika amri zake kwenye dirisha jeusi, akasoma, akaandika tena. Kisha akaniita nitazame.

"Hayakuwa ndani ya ukurasa hata siku moja. Kivinjari kinayaweka kwenye folda yako wewe, kando kabisa, halafu kinakuonyesha chini ya ukurasa kana kwamba yamo. Ukiingia kwa jina lingine huyaoni. Mimi nilichukua kurasa. Haya yalikuwa nyuma ya neno lako la siri." Akahesabu. "Mia mbili na kumi na moja."

Nilitazama skrini. Miaka ishirini niliamini ninaandika ndani ya ukurasa.

"Ungeniuliza vizuri ningekupa hilo neno," nilimwambia.

"Nilikuuliza. Ukaniambia nitafute langu."

Ni kweli, ndivyo nilivyomwambia.

Mudiri hakujali nani alimwambia nani. Alimuuliza Melissa kama anaelewa lugha hiyo.

"Ni lugha yangu."

"Basi yatafsiri yote, uyaweke kwenye tableti. Muda gani?"

"Nikiwa naye hapa anieleze, wiki mbili."

Mudiri akanigeukia. "Wiki mbili," alisema, kama ananipa zawadi, akatoka.

Melissa alibaki ameshika kipanya cha kompyuta. "Asante kwa kumwokoa Joram," alisema, haniangalii.

"Sikufanya kwa ajili yako."

"Najua. Wala sikupendi. Jumapili uje saa moja, usinicheleweshe."

Jioni, jua halijazama, nilimkuta Joram kwenye jiko la kambi ya wafanyakazi amejaza maji kwenye sufuria. Nilichukua unga nikasimama kando yake kama siku zote. Hakunisogezea mwiko.

"Ile tableti," alisema, "uliisoma kabla ya leo?"

Ningeweza kusema hapana. Hakuna aliyeniona.

"Niliisoma."

"Lini?"

"Jumanne."

"Ukaona maneno yako hayamo."

"Nikaona."

Alipunguza moto. Wanaume wawili Wanepali waliokuwa wakikaanga vitunguu walitutazama, wakasogea mbali.

"Jumanne tulikula hapa," alisema Joram. "Ulinipakulia wewe. Jumatano tukala. Leo nikasimama nawe mlangoni dakika ishirini, nakutania. Ulikuwa unangoja nini pale, Reuben?"

"Nilingoja mudiri asimamishe."

"Na asiposimamisha?"

"Nilikuzuia."

"Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye valvu, ssebo. Ulinizuia ulipomaliza kufikiri."

"Walitaka kunirudisha nyumbani, Joram."

"Na mimi walitaka kunirudisha vipi? Kwenye sanduku?"

Alichukua mfuko wa unga mkononi mwangu, akagawa nusu kwenye karatasi ya gazeti, akaikunja vizuri, akaniwekea kwenye sinki. Kisha akamwaga unga wake kwenye maji yaliyochemka, akaanza kusonga peke yake, mgongo kwangu.