Bomba Kubwa Kabisa

Jumanne asubuhi, fundi Blanchard alilala chini ya Corolla ya Mado akikata bomba la moshi la zamani, kutu ikimwangukia usoni. Injini haikuwa na turbo. Ilivuta hewa kwa nguvu zake yenyewe, na kila Mado alipopakia abiria wa teksi wa kwenda Mutoshi, ilipanda mlima ikikohoa.

"Gari bila turbo inapumua yenyewe, yaya Mado," Blanchard alisema, akimwita dada mkubwa kwa heshima. "Hata weye, utakula kila siku bila kuenda kwa choo?"

"Basi weka bomba kubwa."

"Kubwa kidogo. Ukipanua sana, itakosa nguvu kwa mulima."

"Weka ile kubwa kabisa."

Mado alikuwa amechoka na neno "kidogo". Tangu malori ya madini yaanze kupita mbele ya nyumba yake, alikuwa ameiandikia kampuni ya mgodi barua tatu, akiomba barabara imwagiwe maji kutuliza vumbi au familia zihamishwe. Mama yake, Agnès, alilala ameketi, kifua kikipiga filimbi. Kampuni ilijibu kila mara kwamba barua imepokelewa.

Bomba kubwa kabisa likafungwa. Mlimani gari likashindwa, abiria wakashuka kusukuma.

"Yaya, iko na sauti ya lori na nguvu ya baiskeli!" mmoja akapiga kelele.

Mado alirudi nyumbani amenuna, akaliacha gari uani injini ikinguruma, akaenda kunywa maji. Alipotoka, vumbi la uani lilikuwa likitambaa kuingia chini ya boneti. Nyuma, bomba lilitoa hewa safi ya baridi, yenye harufu ya majani yaliyonyeshewa. Mama Agnès alisogeza kigoda chake hapo, akavuta pumzi mpaka mwisho, akaomba chai.

Kufikia Ijumaa mihogo ya jirani ilikuwa ya kijani tena. Mado aliacha kubeba abiria. Watu walileta petroli kwa chupa, gari likanguruma kutwa, na hakuna aliyelalamikia kelele.

Jumatatu, kampuni ikamtuma bwana Gradi na mashine ya kupimia hewa, kuchunguza ombi la Mado. Akaisimamisha uani, akasoma.

"Mama, mupepo iko muzuri. Inapita hata ya ofisi yetu."

"Ni gari njo inaisafisha, tata," Mado alisema, akimheshimu kama baba.

"Ninaona. Lakini fomu haina pahali pa gari."

"Nizime, upime tena?"

"Zima. Mashine inaomba dakika kumi na tano."

Mado akazima. Lori likapita, kisha jingine, na vumbi likarudi taratibu kukaa juu ya vyombo. Dakika ya nne, kifua cha Mama Agnès kikaanza filimbi. Dakika ya sita alikuwa ameshika ukuta kwa mikono miwili, midomo ikigeuka rangi ya majivu.

"Bado tisa," Gradi alisema kwa upole.

Mado alimtazama mama yake, akaitazama mashine. Akawasha gari.

Gradi akaandika kwamba hewa ni safi na ombi limefungwa. Mado akatia sahihi mahali alipoonyeshwa, kalamu ikitoboa karatasi. Kisha Gradi akalegeza tai, akakohoa kwa muda mrefu ndani ya kitambaa, akamwomba Mama Agnès asogee kidogo, akaketi naye nyuma ya bomba.